Stima ni ya wanachama, taarifa ni ya nani?

Mtu aliyenunua hisa katika mtambo wa umeme, akachimba mtaro wake kwa jembe lake mwenyewe, kisha akaletewa taarifa ya mwaka asiyoweza kuisoma, ni mmiliki kwa jina tu. Nasema hivi kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu stima ya mashambani, hasa katika nchi ya Meru na Embu, hukomea kwenye nguzo, nyaya na gharama ya kuunganishiwa. Lugha ambayo mwanachama hupashwa habari za mali yake huonekana kuwa jambo dogo la makarani. Mimi naliona kuwa ndilo jambo lenyewe.

Tuutazame Mto Tungu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa Mbuiru, katika iliyokuwa wilaya ya Meru Kusini na ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Tharaka-Nithi, walijenga mtambo mdogo unaoendeshwa kwa nguvu za maji, uitwao Tungu-Kabiri. Walisaidiwa na Wizara ya Kawi pamoja na shirika la ITDG, ambalo baadaye lilijiita Practical Action. Jamaa zipatazo 200 zilijiunga, zikanunua hisa, na watu wakajitolea kwa zamu kuchimba na kubeba mawe. Mtambo ulikusudiwa kutoa kilowati 18.

Mwalimu wa hesabu na aiandike tarakimu hiyo ubaoni. Kilowati 18 ukizigawa kwa nyumba 200, kila nyumba yapata wati 90: balbu moja ya zamani na redio, basi. Hakuna nyumba itakayosaga mahindi kwa wati 90. Hesabu hiyo peke yake yatosha kueleza kwa nini wenyeji waliuelekeza umeme wao kwenye kituo cha pamoja cha biashara ndogo ndogo, kama vile kuchaji betri, badala ya kuusambaza kila boma. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini ni uamuzi ambao mwanachama hawezi kuupima asipojua kilowati ni nini, na hapo ndipo lugha inapoingia.

Wengi wetu, wenye shahada tukiwemo, hatutofautishi kilowati na kilowati-saa. Nimesikia wasomi wakiyatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni pacha. Mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya, aliyezoea kugawana maji ya mfereji na jirani zake, anaweza kuelezwa tofauti hiyo kwa dakika mbili. Kilowati ni wingi wa maji yapitayo mferejini kwa wakati mmoja. Kilowati-saa ni jumla ya maji yaliyokwisha kuingia shambani. Mtambo wa kilowati 18 ukienda mchana kutwa na usiku kucha hutoa kilowati-saa 432. Kiangazi kikipunguza mto hata mtambo ukatoa nusu, zitakuwa 216. Taarifa ikiandikwa hivyo, mtoto wa darasa la nane aweza kumsomea nyanya yake na wote wawili wakatambua kama hesabu ya kamati imenyooka au imepinda.

Wapinzani wa hoja hii hudai kwamba Kiswahili hakina istilahi za umeme. Dai hili limechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Zaidi ya hayo, watu hawakungoja taasisi yoyote. Wana nguzo, mita, fyuzi, transfoma, tokeni. Wana kukatiwa na kurudishiwa. Neno stima lenyewe ni ushahidi mzuri: lilitujia kutoka katika Kiingereza likiwa na maana ya mvuke na meli zake, na leo twalitumia hata kwa umeme utokao majini, ambapo hakuna mvuke hata chembe. (Wizara hapa kwetu husema kawi, Watanzania husema nishati. Mzee wa Mbuiru husema stima, na ndiye mwenye hisa.)

Ugumu hauko katika maneno ya ufundi. Uko katika maneno ya fedha. Chukua uchakavu wa mitambo: fedha zinazokatwa katika hesabu kila mwaka kwa kuwa chuma huisha. Mwanachama asiyeelezwa jambo hili huona makato tu, na makato, kwa watu waliolelewa katika vyama vya kahawa, ni neno lenye kidonda. Chukua pia gawio. Ukilitafsiri kwa uvivu kuwa faida, mwanachama atasikia kwamba chama kimepata faida ya shilingi kadhaa, naye atangoje mkononi kitu ambacho kamati imekwisha kukiweka akiba ya kununulia vipuri. Ugomvi utakaozuka utaitwa ukabila wa ukoo huu na ule, au siasa, ilhali chanzo chake ni nomino moja. Kwa hiyo siungi mkono tafsiri ya kubahatisha. Tafsiri mbovu yaweza kuwa na madhara kuliko Kiingereza kitupu, maana asiyeelewa kabisa huuliza, bali aliyeelewa visivyo haulizi.

Suala hili si la vijimtambo vidogo tu. Kiwanda cha majani chai cha Imenti, ambacho wenye hisa zake ni wakulima, kilijijengea mtambo wa maji wa chini ya megawati moja, na umeme unaosalia huuzwa kwa gridi ya taifa. Kila mkulima wa chai hujua bonasi ya kilo moja hadi senti ya mwisho. Je, ni wangapi wajuao kwamba wanamiliki pia kipande cha umeme wa nchi?

Ukiteremka upande wa Mbeere, katika Kaunti ya Embu, hali ni nyingine. Mto Tana umezibwa kwa mabwawa matano ya Seven Forks, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yenye uwezo wa karibu megawati 600 kwa jumla. Huko wenyeji ni majirani wa umeme, si wamiliki. Jirani aweza kunyamaziwa, ingawa si haki. Mmiliki hawezi.

Tukitazama mbali kidogo, Marekani ilianza kuwapelekea wakulima umeme kwa nguvu mwaka 1935, wakati mashamba kama kumi kwa mia tu ndiyo yaliyokuwa nao. Kazi kubwa ilifanywa na vyama vya ushirika, na vingi vingali hai. Vyama hivyo vina desturi ya kuwaandikia wanachama mara kwa mara: mkutano utakuwa lini, nani anagombea ukurugenzi, bei imepanda kwa sababu gani, waya gani utazimwa kwa matengenezo. Ni habari kavu, wala hakuna mshairi atakayezitungia utenzi, lakini ndizo zinazomfanya mlipaji wa bili kuwa mwanachama.

Sheria haituzuii. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, yafanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na yaitaka dola iendeleze lugha za wenyeji. Kifungu cha 46 champa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika na huduma anayoinunua. Katiba hiyo hiyo imezipa kaunti jukumu katika usambazaji wa umeme, nayo Sheria ya Kawi ya 2019 yatambua wasambazaji wengine. Vikundi vya wananchi vyenye mitambo yao huenda vikaongezeka, na taarifa pia.

Basi kazi yaweza kuanzia madarasani. Chuka, Embu na Meru zote zina vyuo vikuu, na katika vyuo kama hivyo wanafunzi wa isimu huandika tasnifu kuhusu viambishi, mada ninayoipenda lakini ambayo haitakosa watu. Mmoja wao na apewe taarifa ya mwaka ya kikundi kimoja cha umeme, aigeuze kuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili na mwingine wa Kimeru au Kiembu, aijaribu kwa wanachama ishirini, kisha airekebishe kila walipokwama. Mwalimu atoe alama kwa idadi ya maswali ambayo wanachama waliweza kuiuliza kamati baada ya kuisoma. Na nakala ibandikwe mlangoni pa kituo cha maziwa, mahali wanachama husimama foleni alfajiri wakiwa na mitungi yao na nafasi ya kusoma.