TUYAJUE MAJANI YETU

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa ili kulima karanga. Wapimaji wake walikuwa wameitazama nchi kwa wiki chache tu, tena sehemu kubwa kutoka angani. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, mvua zikakosekana, na Januari 1951 mpango ukaachwa. Leo Kongwa pana ranchi ya Taifa na kituo cha utafiti wa malisho.

Hatari ya kutojua haikwisha na karanga. Gugu karoti, mmea wa asili ya bara la Amerika, ulitambuliwa Arusha mwaka 2010. Maua yake meupe yapendeza macho. Lakini mmea mmoja waweza kutoa mbegu hadi 25,000, nao huyasonga majani ya malisho, huwasha ngozi ya mtu na kuharibu ladha ya maziwa. Wangapi waliupita njiani wakidhani ni ua tu?

Kwa hiyo twataka mabwana mifugo watembee malishoni pamoja na wazee wa wafugaji, ambao huyajua majani kwa majina na majira yake. Mmea usiojulikana ung'olewe na mzizi na ua lake, mikono ikiwa imefunikwa, ukaushwe katikati ya karatasi za gazeti (hata hili letu litafaa), upelekwe Arusha kwenye hifadhi ya Taifa ya mimea iliyokaushwa. Matawi ya Chama yaihimize kazi hii wakati wa masika, majani yakiwa na maua. Kiangazi, ng'ombe akishayala, hata mtaalamu hupata shida kuyatambua.