Tusinunue wembamba kwa vidonge

Katika miaka ya karibuni vimeenea nchini vidonge vya chai ya kijani vinavyotangazwa kuwa ni dawa ya kupunguza unene. Matangazo hayo hupita katika simu za mkononi, na kwa hiyo bahari iliyo kati ya Nyamisati na Kilindoni haiyazuii kutufikia sisi wa Mafia. Kwa kuwa jambo hili linagusa afya na mifuko ya wananchi, tunaona ni wajibu wetu kutoa maoni yetu bila kificho.

Kwanza tukiri kwamba tatizo la unene lipo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Katika uchunguzi wa mwaka 2015-16 walifikia asilimia 28. Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa ni alama ya neema. Leo waganga wanatuonya kwamba huandamana na shinikizo la damu na kisukari. Mwananchi anayetaka kupungua hastahili kuchekwa. Anastahili kuambiwa ukweli.

Na ukweli ni huu. Mwaka 2012 wataalamu wa shirika la Cochrane walipitia majaribio 18 ya chai ya kijani, yaliyohusu watu wapatao 1,900 na kudumu majuma 12 au zaidi. Katika majaribio ya kupunguza uzito yaliyofanywa nje ya Japani, tofauti kati ya waliotumia na wasiotumia ilikuwa wastani wa gramu 40, yaani chini ya uzito wa yai moja la kuku. Katika yale ya Japani wapo waliopungua zaidi, lakini matokeo yalitofautiana mno. Wataalamu hao walihitimisha kwamba upungufu huo ni mdogo mno kuweza kumfaa mgonjwa.

Wapo watakaosema kwamba chai ni jani tu, na jani halina madhara. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kikombe, si kwa kidonge. Kidonge hukusanya kwa wingi kemikali iitwayo katekini, ambayo katika kikombe ni kidogo. Mwaka 2003 Ufaransa na Hispania zilisimamisha uuzaji wa kidonge kimoja cha namna hii baada ya watumiaji kadhaa kuugua ini. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini iliyo kuu katika chai hiyo huweza kudhuru ini, na mwaka 2022 Jumuiya ya Ulaya ikaweka sheria ya kuzuia kiasi hicho. Ikiwa wenye maabara na wakaguzi wengi wamechukua tahadhari, sisi wa visiwani, ambao mgonjwa mahututi huenda akalazimika kuvushwa bahari, tuna sababu gani ya kufanya mzaha?

Kwa hiyo tunatoa wito kwa viongozi wa Wilaya. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na dawa ziko chini ya TMDA. Mfanyabiashara mjanja hujificha katikati: akiulizwa kibali husema anauza chakula, akimpata mteja husema anauza dawa. Maafisa wa afya na biashara wasimruhusu kuwa popo, mara ndege, mara mnyama. Bidhaa isiyo na kibali, wala maelezo ya kiasi kilichomo, isiuzwe Kilindoni, Kirongwe wala Utende. Nao wahudumu wa zahanati wamuulize kila mgonjwa mwenye macho ya manjano kama ametumia vidonge hivyo.

Kwa wananchi, njia ipo na haina gharama. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya sukari, anakula takriban gramu 36 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ingefaa kwa siku nzima zisizidi 25 hivi. Tuanze na kijiko hicho. Samaki wa kuchoma, mboga za majani, na safari fupi kwenda kwa miguu badala ya bodaboda vitatufaa kuliko chupa ya vidonge.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na wananchi walijifunza kwamba afya hujengwa nyumbani, kwa mikono yao wenyewe. Somo hilo halijachakaa. Fedha ya mvuvi na ya mkulima wa mwani imepatikana kwa jasho. Isiende kununua gramu 40.