Neno na Jirani Zake: Kiingereza cha Habari na Usingizi wa Wafasiri Wetu

Wapo wahakiki wenzetu wanaoshikilia kwamba lugha ya gazeti si shughuli ya idara ya fasihi. Riwaya ina itikadi, wanasema, na ushairi una itikadi, ila habari ni habari: mwandishi huliokota tukio na kuliweka mezani kama lilivyo. Makala haya yanaipinga rai hiyo, na yanaipinga kwa ukali, maadamu madhara yake yamekwisha kuingia katika Kiswahili chetu wenyewe.

Tangu J. R. Firth, mwanaisimu wa London, adai katika miaka ya 1950 kwamba sehemu ya maana ya neno hupatikana katika maneno yanayoandamana nalo, uchunguzi wa aina hii umepevuka. John Sinclair na wenzake wa Birmingham walitumia tarakilishi kupekua hazina kubwa za matini. Mwaka 1993 Bill Louw, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, alionyesha jinsi neno linavyopakwa rangi ya wema au ubaya na jirani zake pasi na msemaji mwenyewe kutambua. Wanaodai kuwa elimu hii ni anasa ya Wazungu na wakumbuke Harare.

Mfano wa kale tuupitie upesi. Mwaka 1994 mauaji ya halaiki ya Rwanda yaliyopangwa na dola, yakachochewa kwa redio, yalielezwa mara kwa mara katika Kiingereza cha habari kwa neno ‘tribal’, ilhali Wahutu na Watutsi wanazungumza Kinyarwanda kimoja. Katika miaka iyo hiyo Bosnia ilitengewa ‘ethnic’. Nayo Ireland ya Kaskazini, ambako watu zaidi ya 3,500 waliuawa kati ya miaka ya mwisho ya 1960 na mwaka 1998, ilipewa jina la upole kabisa, ‘the Troubles’, kana kwamba ni maradhi ya tumbo. Neno la kwanza huandamana na kisasi cha tangu jadi, kisichohitaji kuelezwa. Maneno mengine mawili humwacha msomaji aulizie siasa na historia.

Mfano wa wakimbizi ni mzito zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2008, walichunguza maneno yapatayo milioni 140 kutoka magazeti ya Uingereza ya miaka ya 1996 hadi 2005. Walikuta wakimbizi wakiandamana na maneno ya maji: mafuriko, mmiminiko, mkondo. Walikuta pia fungu lisilo na mantiki, ‘illegal refugee’, ingawa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza mkimbizi atokaye moja kwa moja kwenye hatari, akajitokeza kwa wenye mamlaka, aadhibiwe kwa kuingia bila kibali.

Sasa tazama fungu hilo linapofika katika vyumba vyetu vya habari. “Wimbi la wakimbizi laingia nchini.” Ni nani aliyeingia? Ni wimbi. Sarufi yetu ina ulinzi wa ajabu kwa chenye uhai: twasema kipofu amefika, kiongozi amesema, na anayesema “kipofu kimefika” ametukana. Sentensi ile ya wimbi inauzunguka ulinzi huo kwa mlango wa nyuma. Wakimbizi wamesukumwa nyuma ya kihusishi, na kitenzi kinapatana na maji. Nitaambiwa kwamba “kundi la watu limefika” lina umbo lilo hilo. Ni kweli, lakini kundi hupokewa, huhesabiwa, huulizwa majina. Wimbi huwekewa ukuta. Mfasiri angeweza kuandika “wakimbizi wengi wameingia” bila kupoteza hata chembe ya habari.

Fauka ya hayo, mara nyingine mfasiri humpita bwana wake. Kiingereza husema ‘illegal immigrants’, nasi tunaandika “wahamiaji haramu”. Neno la Kiingereza ni la mahakamani. Haramu kwetu ni jirani wa nyama ya nguruwe, riba na mtoto wa nje ya ndoa. Linachukua najisi pamoja na kosa. Mtu aliyekosa karatasi anageuzwa kuwa kitu cha kutoguswa, na hakuna mhariri aliyekusudia hivyo. Nasi wa idara tumelinyamazia hadi limekuwa istilahi.

Sisemi kwamba Kiswahili ni malaika aliyeharibiwa na mgeni. Lugha iliyowaita watu wa bara washenzi ina madeni yake. Wala hesabu ya tarakilishi haitufunulii moyo wa mwandishi. Yamkini aliandika kwa mazoea tu. Lakini mazoea ndiyo tunayoyatafuta, kwani thamani ambazo jamii haizioni tena huhifadhiwa humo.

Kozi nyingi za tafsiri humpa mwanafunzi orodha ya istilahi, neno kwa neno, kisha zikamtahini kwa orodha iyo hiyo. Hafundishwi kuuliza neno hilo hutembea na nani. Anahitimu, anaajiriwa redioni, na jioni hiyo hiyo anatangaza wimbi. Wanaotaka idara ijifungie katika riwaya na watuambie ni nani mwingine, chuoni humu, aliyepewa kazi ya kumfundisha.