Dawa ya maumivu ya kupuliza puani: inamfaa nani?

Aliyetolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo huambiwa hakukatwa sana. Ni kweli, matundu ni manne hivi, na mengine hayafiki sentimita moja. Lakini akifika nyumbani hushangaa kuona bega nalo linamuuma. Wapasuaji hujaza tumboni gesi ya kaboni dayoksaidi ili wapate nafasi ya kuona. Gesi hiyo hukisumbua kiwambo, msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo, na neva ya kiwambo inatokea shingoni, jirani na neva za bega. Maumivu haya ni ya siku chache tu, na ugomvi wote ni juu ya siku hizo.

Marekani, ambako wengi hurudi nyumbani siku ileile, kwa muda mrefu cheti cha dawa kiliandikwa vidonge vya jamii ya afyuni. Mwaka 2021 pekee, dawa za jamii hiyo, za halali na za magendo, zilihusika na vifo zaidi ya 80,000 nchini humo. Si ajabu basi kwamba kila kitulizo kisicho afyuni hupokelewa kwa vigelegele. Kimojawapo ni ketorolaki ya kupuliza puani, iliyoidhinishwa mwaka 2010 kwa jina la Sprix.

Ketorolaki si ngeni wodini. Ni ya ukoo wa ibuprofeni na diklofenaki, ila kali zaidi, na sindano yake ilitangulia kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia. Anayetapika baada ya nusu kaputi hawezi kukaa na kidonge tumboni, na nyumbani hana muuguzi wa kumchoma sindano. Huyo apewe, tena bila kusitasita. Lakini aliyekunywa uji ukatulia? Wengi wa aina yake hutoshelezwa na parasetamoli na ibuprofeni, zikimezwa kwa saa zilizopangwa badala ya kungoja maumivu yapande. Kumwandikia dawa ya puani ni kumwongezea gharama: kichupa kina mipulizo minane na hutupwa saa 24 baada ya kuanza kutumika, hata kikibaki nusu.

Gharama, hata hivyo, si hofu yangu kubwa. Kichupa cha puani tumekizoea kwa mafua, na kitu cha mafua hakimtishi mtu. Hiki kinaweza kusababisha vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kuzuia damu isigande, kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka kwenye kisu na jeraha lake la ndani halionekani. Ndiyo maana matumizi yake yamewekewa kikomo cha siku tano. Sasa mgonjwa anapuliza asubuhi, mchana bega linamrudia, anafungua droo na kumeza ibuprofeni mbili, asijue kwamba ameongeza dawa ya ukoo uleule. Nani alimwambia?

Wenye miaka 65 na zaidi, wenye figo dhaifu na walio chini ya kilo 50 hupuliza tundu moja la pua tu, si yote mawili. Jambo hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kichupa chenyewe, mgonjwa apewe vya siku moja au mbili, na ya tatu apigiwe simu kabla ya kuongezewa.