Mgeni aliyekimbia vita apunguziwe mwendo wa wifi, asikatiwe

Tangu Goma iliposhikwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, kuna nyumba za Lubumbashi zilizopokea ndugu kutoka Kivu. Bukari inagawanywa, magodoro yanatandikwa sebuleni, na hakuna anayelalamika kwa sauti. Manung'uniko yanaanzia kwenye mega. Yaya mwenye nyumba amelipia mega za mwezi mzima, siku ya kumi zimekwisha. Akinunua nyingine, usiku anabadilisha kode ya wifi kimyakimya. Asubuhi mgeni anagusa simu yake, hakuna kitu.

Hiyo si njia. Mtu aliyemwacha mama yake Goma anaitafuta wifi kabla ya chai, ajue kama mama ameamka salama. Ukimkatia bila neno, anaelewa kwamba amechokwa.

Lakini mwenye nyumba naye ana haki ya kuweka mpaka, kwa kuwa ndiye anayelipa. Ruta nyingi zina mtandao wa pembeni kwa ajili ya wageni, wenye jina lake na kode yake. Fungua ukurasa wa ruta kwa namba iliyoandikwa chini ya kifaa (mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1), washa mtandao huo, na kama ruta inaruhusu, andika mwendo wa juu ambao wageni hawatauvuka. Kwa njia hiyo video ya mtu mmoja haizibi njia ya lupango nzima.

Hapa wengi wanajidanganya. Kupunguza mwendo si kupunguza mega zenyewe. Mwendo wa ruta unahesabiwa kwa mega ndogo, ambazo nane zinafanya mega moja ya zile tunazonunua. Mgeni aliyewekewa mega 1 kwa sekunde, akitazama video saa nzima bila kupumzika, anaweza kumaliza mega 450. Kwa hiyo kama shida ni mega kuisha, ruta peke yake haitoshi. Kwenye kila simu, WhatsApp izuiwe kupakua picha na video yenyewe, na programu zisijisasishe ovyo. Simu za vijana wa nyumba zianze, maana TikTok wanayotazama hadi usiku wa manane haikuletwa na wageni.

Mpaka wenyewe uwe wa kibinadamu. Simu ya sauti inakula kidogo sana. Ya video inataka nafasi. Kwenye ruta nyingi namba unayoandika ni ya mtandao wote wa wageni, wala si ya kila simu. Wakiwa wanne wanaigawana, na kwa mega 1 sura ya bibi itaganda kila mara. Mega 2 au 3 kwa watu wanne si anasa.

Na waambiwe mchana, mezani: wifi yenu ni hii, kode ni hii, mwendo wake ni huu, sababu ni pesa. Siku habari mbaya zikitoka Kivu, mwenye nyumba arudi kwenye ukurasa uleule, afute namba ile, airudishe kesho yake.