Mashine Haisomi Moyo

Wako askari wanaodhani kwamba mashine ya kupima uongo humaliza kazi ya upelelezi. Dhana hiyo hapana budi isahihishwe.

Mashine hiyo, iliyoanzia kwa John Larson wa polisi ya Berkeley, Marekani, mwaka 1921, haipimi uongo. Hupima pumzi, mapigo ya moyo, msukumo wa damu na jasho la vidole mtu anapoulizwa maswali. Yaani, hupima wasiwasi. Na wasiwasi una sababu nyingi.

Mapokeo ya Biharwe yasimulia kuwa mwaka 1520, jua lilipopatwa, Mfalme Olimi wa Bunyoro aliwaacha ng'ombe aliowateka akakimbia. Hofu ilikuwa ya kweli; kilichoeleweka vibaya ni sababu yake. Vivyo hivyo, mkimbizi wa Nakivale aliyekimbia bunduki kwao aweza kutetemeka mbele ya sare ijapokuwa hana kosa. Kinyume chake, Aldrich Ames, aliyeuza siri za Marekani, alifaulu kipimo hicho mwaka 1986 na 1991, akakamatwa mwaka 1994.

Askari hodari, basi, ategemee mashahidi, vielelezo na maswali yenye subira. Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1995 yamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kuwa anayo, au akiri mwenyewe. Kumfunga mtu kwa jasho la vidole ni kumdhulumu yeye, na kumwacha mkosaji halisi akitembea huru miongoni mwa raia tulioapa kuwalinda.