Tusiwasafishe Wazee

Mwimbaji Andre Williams wa Marekani alikuwa ameshavuka miaka sitini alipotoa albamu yake ya Silky mwaka 1998. Humo mna nyimbo ambazo huwezi kuzipiga mbele ya mkweo, na majina ya baadhi yake siwezi hata kuyachapa hapa.

Hakuwa kijana anayetafuta jina kwa matusi. Miaka ya 1950 alirekodi rhythm and blues kwa Fortune Records kule Detroit. Wimbo wa Bacon Fat ukamtangaza, baadaye akashiriki kutunga Shake a Tail Feather. Koo lake halikuweza kushindana na waimbaji waliolelewa na kwaya, basi yeye akawa anaongea tu juu ya muziki, taratibu, kama mtu anayekupa umbea. Kisha dawa za kulevya zikamfikisha kuombaomba Chicago. Waliomrekodi Silky ni vijana wa roki ya vurugu, Mick Collins na Dan Kroha, waliokuwa wa kundi la The Gories. Hawakumletea vinanda vya kumbembeleza. Walimwekea magitaa yanayokwaruza.

Nasema mkwaruzo ule ndio uliomwokoa. Maneno yaleyale yakipigwa pasi studio, yanabaki biashara ya ngono. Ndani ya kelele, kwa sauti iliyochakaa, ni kicheko cha mzee aliyeona mengi na bado anataka.

Sisi wa Basoko, huku Tshopo nchini Kongo, mlio huo si mgeni kwetu. Panda boti ya mbao inayoshuka kutoka Kisangani: spika imefungwa kwa kamba juu ya magunia, karatasi yake imepasuka, jenereta ikilegea wimbo nao unalegea, na abiria wanaendelea kutikisa mabega. Kinshasa, Papa Mingiedi wa kundi la Konono N°1 alitia likembe yake, kinanda cha vidole gumba, umeme kwa sumaku za magari mabovu zilizozungushiwa waya wa shaba. Albamu yao ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, alikuwa mzee tayari, na Vincent Kenis aliyemrekodi alikuwa na busara ya kuuacha mkwaruzo ulivyo.

Na uhuni wa maneno? Mwaka 1978 Franco, bingwa wa rumba ya Kongo, akiwa na zaidi ya miaka ishirini katika bendi ya OK Jazz, alitupwa jela kwa sababu ya Hélène na Jackie, nyimbo zilizosambaa kwa kaseti bila kupitia udhibiti. Mwaka 1980 utawala uleule ukamvika cheo cha Grand Maître. Simtetei kwa yote: wanawake wa nyimbo zile hawakupewa nafasi ya kujibu. Ndiyo maana namweka Bi Kidude wa Zanzibar juu yake. Bibi yule aliimba unyago hadi uzeeni, mambo ya chumbani yakitoka kinywani mwa mwanamke, wasichana wakifundishwa huku wakicheka.

Leo nyimbo laini za studio zinasema makubwa kuliko ya Franco, zinapigwa harusini na watoto wanazicheza. Sitaki mtu akamatwe. Ila mzee wa bendi akisema nusu yake, tunamwambia ajiheshimu.

Toleo hili ni la wazee wa bendi wa Tshopo. Wenye studio Kisangani, mkiwarekodi, msiwakate maneno wala msiwapake sauti mafuta. Asiye na amplifaya mbovu aende bandarini akaazime kwa wenye boti.